Mama Neema na daftari la kurasa 96: uchambuzi wa kisa kutoka kituo cha afya jijini Nairobi

Kati ya Agosti 2024 na mapema Januari 2025, mwanamke wa miaka 34, mchuuzi wa chapati na maharagwe, alikuja mara sita katika kituo cha afya cha umma ninakofanya kazi kama afisa wa kliniki, mashariki mwa Nairobi. Alitibiwa homa ya matumbo mara mbili, vidonda vya tumbo mara moja na maumivu ya misuli mara moja, na mara mbili alipewa tembe za kutuliza maumivu bila jina la ugonjwa wowote kuandikwa. Sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni na kukata tamaa uliogunduliwa baadaye, haikuandikwa hata mara moja. Mwandiko na sahihi ya ziara ya pili ni yangu. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba makosa nitakayoyaeleza ni ya wenzangu tu. Nimebadilisha mambo machache yanayoweza kumtambulisha, na hapa nitamwita Mama Neema.

Ziara sita

Malalamiko yake hayakubadilika sana: kichwa kinachouma kisogoni, moyo unaokwenda mbio usiku, tumbo linalowaka, na uchovu aliosema hauishi hata baada ya kulala. Kilichobadilika ni mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. Kituo cha ngazi ya tatu kama chetu kina zamu, likizo na wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, hivyo mgonjwa anayekuja mara sita huenda akakutana na wahudumu sita, na kila mmoja akaanza upya kana kwamba hajawahi kufika. Presha yake ilikuwa ya kawaida kila alipopimwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo malaria si ugonjwa wa kuushuku kwanza kwa mtu ambaye hajasafiri, na kipimo chake hakikuonyesha vimelea. Kipimo cha Widal, hata hivyo, kilitoka na alama ya homa ya matumbo.

Kila afisa wa kliniki alifundishwa chuoni kwamba Widal moja haithibitishi kitu, kwa sababu kinga inayopimwa huweza kubaki mwilini baada ya maambukizi ya zamani au kuchochewa na vijidudu vingine vinavyofanana na vya homa ya matumbo, na kwamba ushahidi wa kuaminika hutokana na kuotesha damu maabara. Nilijua hayo yote nilipokuwa nikiandika dawa. Nje kulikuwa na foleni ya watu hamsini na kitu, na mgonjwa anayeondoka na jina la ugonjwa mkononi huondoka ameridhika, angalau kwa wiki moja. Wiki ya pili alirudi, akakutana na mtu mwingine.

Katika rejista ya wagonjwa wa nje kuna safu ya makazi. Mara zote sita iliandikwa mtaa uleule aliotupa siku ya kwanza aliposajiliwa, miaka kadhaa nyuma. Tulikuwa tukinakili. Laiti mmoja wetu angemuuliza anakoishi sasa, kisa hiki kingekuwa kifupi, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa historia ya ugonjwa. Mama Neema alijifungua mapema Aprili 2024. Mwisho wa mwezi huo mvua za masika zilifurika mito ya Nairobi, na mwezi Mei serikali ikaanza kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito, Mathare, Mukuru na kwingineko. Chumba chao cha mabati kando ya Mto Ngong, Mukuru kwa Reuben, kilibomolewa mtoto akiwa hajatimiza majuma sita. Mume alirudi mashambani kutafuta kibarua, simu zake zikapungua, halafu zikakatika kabisa. Yeye alihamia kwa dada yake, chumba kimoja watu sita, mbali na wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakinunua chapati zake alfajiri.

Hakuna aliyejua haya. Hakutuficha, hatukumuuliza.

Maswali mawili kwenye benchi

Tangu kikosi kazi kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kipendekeze mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa, waraka haujapungua nchini. Ipo Sera ya Afya ya Akili ya 2015 hadi 2030, ulikuwapo mpango wa utekelezaji wa 2021 hadi 2025, yapo marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili, na ipo Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa mhGAP mwaka 2008 kwa lengo hilohilo, kwamba wahudumu wasio mabingwa wafundishwe kutambua na kutibu maradhi ya akili pale watu wanapotibiwa kikohozi na presha, badala ya kila mtu kupelekwa hospitali ya Mathari, ambayo imebeba jina la wazimu tangu 1910 kiasi kwamba wapo wagonjwa wangu wasiokubali hata kuteremka matatu karibu na lango lake.

Kwetu, waraka huo ulifika Januari 2025 ukiwa katika umbo la maswali mawili. Yanatokana na PHQ-9, dodoso la maswali tisa ya kupima sonona, na huulizwa kwenye meza ya kupima presha, joto na uzito: je, katika majuma mawili yaliyopita umepungukiwa na hamu au raha ya kufanya mambo, na je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Kila jibu hupewa alama kuanzia sifuri hadi tatu, na mwenye jumla ya tatu au zaidi huulizwa maswali yote tisa.

Jumatatu tarehe 6 Januari, katika ziara yake ya sita, Mama Neema aliulizwa maswali hayo akiwa na kipimajoto kwapani, huku watu watatu wakisubiri kwenye benchi lililogusa kiti chake. Alipata sifuri. Miezi baadaye nilimuuliza kwa nini alijibu vile. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwenye swali. "Daktari, kondakta wa mtaa wetu alikuwa ameketi hapo nyuma. Ningesema nini?"

Katika ripoti ya mwezi, ziara hiyo ilihesabika kuwa mafanikio: mgonjwa ameulizwa, hana tatizo. Nawaomba wanaosimamia mipango ya namna hii wautafakari mstari huo wa ripoti, kwa sababu siku ile alikuwa mgonjwa kuliko siku zote nilizowahi kumwona. Hata maneno yenyewe hayakumsaidia. Neno sonona limo katika kamusi na jirani zetu wa Tanzania wanalitumia, lakini katika miaka tisa ya kazi hapa sijakutana na mgonjwa aliyeniambia ana sonona. Husema ana mawazo mengi, moyo unapiga, kichwa kinazunguka, mwili hauna nguvu. Anayesubiri kusikia neno huzuni atasubiri sana, kwani mwili ndio unaosema kwanza.

Chumba cha chanjo

Jumanne tarehe 14 Januari alirudi, safari hii si kama mgonjwa. Alimleta mtoto kupata chanjo ya surua ya miezi tisa. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto alifungua kijitabu na kuona kwamba mstari wa uzito, uliokuwa ukipanda vizuri, ulikuwa umelala tangu mtoto alipofika miezi sita. Hakumkemea wala hakumwambia ampe mtoto uji wa kutosha. Alisukuma kiti mpaka mlangoni, kwa sababu kitasa cha mlango ule hakishiki, akamrudishia mtoto mapajani na kuketi.

"Mama Neema, unalala?"

"Silali, sista. Nafikiria tu."

"Unafikiria nini?"

"Nyumba." Akanyamaza kidogo. "Na huyu."

Maswali tisa yalichukua karibu dakika ishirini, muda ambao foleni ya chanjo ilianza kugonga mlango. Alama zilifika 17 kati ya 27, yaani sonona kali kiasi, hatua moja kabla ya kiwango cha juu kabisa, kinachoanzia 20. Swali la tisa ndilo linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na ndilo wahudumu wengi hulipitia haraka kwa kuogopa jibu. Mama Neema alisema: "Nikivuka barabara siku hizi siangaliangi." Muuguzi hakushtuka wala hakuleta mahubiri. Aliuliza kama amewahi kupanga kujidhuru, akasema hapana. Akauliza kinachomzuia, akamwonyesha mtoto kwa kidevu. Akauliza nani yuko nyumbani usiku, akamtaja dada yake. Kabla hajaondoka, dada huyo alikuwa amepigiwa simu, kwa idhini yake, na kukubali kuja naye wiki ijayo.

Kulikuwa na swali dogo ambalo muuguzi alikuja kuniuliza chumba namba nne: je, aliandike jibu la swali la tisa kwenye faili? Hofu hiyo si ya kipuuzi. Kwa miongo mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mama Neema hakuwa amejaribu chochote, na kifungu hakikumhusu, lakini wahudumu wengi walizoea kutoandika lolote linalokaribia jambo hilo, na wagonjwa walizoea kutolisema. Siku tano tu kabla ya chanjo ile, tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikuwa ametamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Tukaliandika, na kwa mwandiko unaosomeka.

Hatua ishirini

Wakati huo kituo kilikuwa na mshauri nasaha mmoja, mzuri sana, aliyelipwa na mradi wa Ukimwi na kuketi nyuma kabisa, katika kliniki ya watu wanaoishi na virusi. Kutoka chumba cha chanjo hadi mlangoni kwake ni hatua kama ishirini. Mama Neema alizitazama akakataa. Benchi la kliniki ile lina jina mtaani, na kila anayeketi pale huondoka na hadithi aliyotungiwa na wengine. Muuguzi hakubishana naye. Alimwita mshauri aje chumba cha chanjo. Nadhani huo ndio ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika kisa hiki, na haukuhitaji hata shilingi moja.

Walikutana mara mbili. Katika wiki iliyoanza tarehe 27 Januari, mshauri aliambiwa abaki nyumbani, kwa kuwa serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje tangu tarehe 20. Hapo tulitambua jambo tulilopaswa kulijua zamani: kituo kilikuwa na huduma ya afya ya akili, lakini ilikuwa ya ugonjwa mmoja, na ya mfadhili mmoja. Mwenye presha, mwenye kisukari na mama wa mtoto mchanga hawakuwa wamehesabiwa humo.

Muuguzi alitoa daftari la shule la kurasa 96, akachora safu kwa rula: jina, simu, simu ya mtu wa karibu, alama za siku ya kwanza, alama za mwisho, tarehe ya kurudi, amekuja au hakuja. Jina la kwanza lilikuwa la Mama Neema. Kila Ijumaa saa nane tulimpigia daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali moja ya rufaa, tukamsomea daftari kwa dakika kama thelathini, naye akatushauri juu ya wagonjwa ambao wengi wao hakuwahi kuwaona kwa macho.

Hatukubuni kitu kipya. Mwaka 2002 nchini Marekani kulichapishwa matokeo ya utafiti wa IMPACT, uliowahusisha wazee 1,801 wenye sonona katika kliniki 18 za huduma ya msingi. Waliofuatiliwa na mhudumu mwenye orodha, wakapimwa alama mara kwa mara na kujadiliwa na daktari bingwa kila wiki, asilimia 45 walipungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi baada ya mwaka mmoja. Waliotibiwa kwa namna ya kawaida, asilimia 19. Kule walikuwa na kompyuta na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa na daftari na salio la simu, ambalo mara nyingi lilitoka mfukoni mwa muuguzi.

Suala la dawa lilitusumbua kuliko nilivyotarajia. Kati ya dawa za sonona, famasi yetu ilikuwa na amitriptilini tu. Fluoksetini ingebidi inunuliwe nje. Ya pili haina hatari kubwa kama ya kwanza mtu akizidisha kipimo, jambo zito kwa mwanamke asiyeangalia barabara; lakini hukaa mwilini muda mrefu, na mwongozo wa mhGAP unashauri iepukwe inapowezekana kwa mama anayenyonyesha. Ya kwanza ina sifa zilizogeuzwa. Daktari wa Ijumaa alitwambia tuanze kwa mazungumzo, tumpime tena baada ya majuma mawili, na ikibidi tumpe amitriptilini ya siku saba tu kwa wakati mmoja, dada ndiye atunze.

Kwa mazungumzo, tulimgeukia mhudumu wa afya ya jamii ambaye alikuwa amewahi kufunzwa mbinu ya vikao vitano iliyofanyiwa majaribio hapahapa Nairobi kwa wanawake 421, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, na wahudumu wa kawaida wasio na taaluma ya akili ndio walioiendesha. Mbinu yenyewe ni ya mambo ya nyumbani: kupumua taratibu, kuchagua tatizo moja linalotatulika na kulivunja vipande, kurudia shughuli iliyoachwa, na kuwatafuta watu. Katika kikao cha pili Mama Neema alichagua tatizo la jiko. Jiko lake la makaa lilipotea siku ya ubomoaji na alikuwa akikodi la jirani. Chama chake cha zamani cha Mukuru, alichokiona aibu kukirudia kwa sababu alikuwa na deni la michango, kilimkopesha la kwake.

Alama baada ya majuma mawili: 16. Tukaanza dawa.

Jumanne aliyokosa

Wiki ya tatu ya Februari hakuja. Katika mfumo wa kawaida, mgonjwa asiyekuja haonekani popote, kwa kuwa rejista huandika waliofika. Daftari liliandika "hakuja", kwa kalamu nyekundu, na mstari mwekundu ukituama pale kila ukurasa unapofunguliwa humkera mtu mpaka afanye kitu.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Kila mhudumu wa afya ya jamii husimamia takriban kaya 100 na ana orodha yake, kwa hiyo tuliuliza wa mtaa wake, tukajibiwa kwamba yupo kwenye orodha: nyumba kando ya mto. Nyumba iliyobomolewa miezi tisa nyuma ilikuwa bado inahesabiwa kuwa na wakazi watatu. Mtaa alikohamia, hakuwa kaya ya mtu yeyote. Mwishowe ni dada yake aliyepatikana, naye akatueleza jambo ambalo hakuna dodoso lingetwambia. Dawa ilimfanya alale, na hilo lilikuwa jema, lakini alikuwa akiimeza saa nne usiku baada ya kuosha vyombo na kuamka saa moja asubuhi, ilhali wateja wa chapati hupita kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu. Siku nne mfululizo alikuta barabara tupu. Akaamua kuacha dawa ili asipoteze biashara, akaona aibu kuja kutuambia.

Muuguzi alimwambia aimeze saa moja jioni. Ni hilo tu. Wiki iliyofuata alirudi, midomo ikiwa mikavu lakini akiwa na mzaha kidogo, na kipimo kikaendelea kupandishwa taratibu kwa ushauri wa daktari. Mwezi wa Aprili alama zilikuwa 11. Mwezi wa Juni, 6, na jibu la swali la tisa likawa sifuri. Uzito wa mtoto ulianza kupanda tena kabla ya alama za mama kushuka, jambo ambalo siwezi kulieleza vizuri, ila labda jiko lilichangia.

Wenzangu wengine husema kituo kama chetu kinahitaji mwanasaikolojia wake. Sipingi, na akija nitamkaribisha. Lakini tulikuwa na mtaalamu aliyeketi hatua ishirini tu, na Mama Neema hakuzipiga. Tulikuwa na maswali yaliyothibitishwa kitaalamu, na alijibu sifuri. Kama tungempoteza, tungempotezea Februari, kwenye wiki ile moja ya kimya, tukiwa na faili nzuri kabisa kabatini.

Kufikia Agosti 2025 daftari lilikuwa na majina 38. Sita kati yao bado yana mstari mwekundu. Mwezi huo huo muuguzi alihamishiwa kaunti ndogo nyingine kwa barua ya siku moja, na hakuna aliyetajwa kuchukua daftari, kwa kuwa kikazi halimo katika orodha ya vifaa vya kituo. Oktoba, Mama Neema alimleta mtoto kwa chanjo ya pili ya surua, ya miezi kumi na minane. Mtoto alikuwa akitembea na alikataa kupandishwa kwenye mizani. Mama alimuulizia sista wake, akaambiwa amehama, akasimama mlangoni kidogo kisha akaja chumba namba nne kuniuliza kama bado tunaandika kwenye lile daftari. Nilikwenda kulitafuta. Lilikuwa kwenye droo ya chumba cha chanjo, na droo ilikuwa imefungwa. Nilipompigia simu muuguzi, alisema ufunguo ameutundika pamoja na wa nyumba yake.